Nipe Mji: Hotuba Kuhusu Mwisho wa Filamu

(Hotuba hii ilitolewa Mji Mkongwe, Unguja, mbele ya vijana wanaotengeneza filamu na wapenda picha wa rika zote. Tunaiweka yote kwa ajili ya wenzetu wa Pemba waliokosa boti, na wengine ambao hawakuweza kufika. Vipande vya picha vilivyoonyeshwa ukutani havimo.)

Assalamu alaikum.

Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, kina mama, na nyinyi vijana wa kamera mliojibana kule mlangoni kama watu wanaotaka kutoroka kabla ya mwisho: karibuni nyote.

Kitendawili!

(Tega!)

Kuku wangu katagia miibani.

Nimesikia. Nanasi. Mmejibu haraka kwa sababu mmekikuta tangu utotoni. Lakini mkumbukeni mtoto anayekisikia leo kwa mara ya kwanza. Anawaza kuku, anawaza mti wa miiba, anazunguka, anashindwa. Anaambiwa, "Nipe mji." Anatoa Makunduchi. Ndipo anaambiwa: nanasi. Mtazameni uso wake. Hakasiriki. Anacheka, anajipiga kipaji, kwa sababu kila neno lilikuwa mahali pake, na yeye ndiye hakuliona. Sasa mwambieni mtoto huyo kwamba jibu ni "baiskeli". Atataka Makunduchi yake irudi, na atakuwa na haki.

Mtazamaji wa filamu ndiye mtoto huyo. Ametoa mji. Ametoa saa mbili, ametoa nauli ya daladala, pengine ametoa usingizi wake na kesho ana kazi. Wazee mliokuwa mkitoka sinema ya Majestic pale Vuga, au Empire kule Darajani, mnajua mazungumzo ya njiani yalikuwa ya nini. Nani alikuwa akizungumzia lenzi? Watu walibishana juu ya mwisho. Kwa nini kafa? Kwa nini kamsamehe? Na yule mwingine ilikuwaje akatokea tu?

"Ilikuwaje akatokea tu." Nianze na hapo, maana hapo ndipo picha nyingi zinapofia.

Tuchukue Sholay, ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Ramesh Sippy. Hakuna haja ya kuisimulia yote, nusu ya ukumbi huu wanaijua kwa moyo. Jai na Veeru ni wezi wawili wanaokodiwa na Thakur, askari wa zamani aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh. Jai ana sarafu. Kila wakiwa na jambo la kuamua, anairusha: tuende au tubaki? Sarafu inaanguka, wanafuata. Mara ya kwanza mnaicheka. Mara ya pili mmeshaizoea, imekuwa tabia ya mtu, kama mtu anayekuna sikio. Mwishoni wanaamua kwa sarafu nani abaki daraja likizuiwa na nani akimbie kuleta msaada. Jai anabaki. Jai anakufa. Veeru anaokota sarafu, anaigeuza, na kumbe pande zote mbili ni sawa.

Ndugu zangu, hapo hakuna maneno. Hakuna mtu anayesimama kutueleza urafiki ni kitu gani. Sarafu imegeuzwa, na picha yote nyuma yake imegeuka pamoja nayo. Kila uamuzi tuliodhani ni wa bahati ulikuwa wa Jai. Ule wa mwisho pia.

Na tazameni mtego ulivyotegwa. Kitu kinachobeba mwisho kionyeshwe walau mara mbili kabla. Mara ya kwanza kiwe na kazi yake nyingine, kichekesho au ugomvi mdogo, ili mtazamaji asikishuku. Mara ya pili kipite haraka, kiwe cha kawaida. Kisha kiacheni kipoe. Katika picha ya dakika 90, mtego usitegwe ndani ya dakika 15 za mwisho. Bastola inayotokea kwenye mtoto wa meza dakika ya 80 na kufyatuliwa dakika ya 83, kila mtu amekuona ukiiweka. Iweke dakika ya 20, mama mwenye nyumba akitafuta mkasi.

Lakini Sholay hiyo hiyo ina jeraha. Gabbar alimkata Thakur mikono. Swali lililosimama toka hapo ni moja: mtu asiye na mikono atalipa kisasi kwa kitu gani? Mwisho uliopigwa kwanza ulijibu: kwa miguu. Thakur alimuua Gabbar kwa viatu vilivyotiwa misumari. Mwaka ule India ilikuwa chini ya hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi haikutaka kuona askari wa zamani akichukua sheria mkononi. Sippy akalazimika kupiga mwisho mwingine. Ndio tulioufahamu miaka mingi: Thakur anakaribia kummaliza, polisi wanafika, wanamzuia, Gabbar anachukuliwa.

Mnaona kilichovunjika? Sina ugomvi na sheria. Shida ni kwamba swali lilikuwa la Thakur na jibu limetolewa na watu ambao saa tatu nzima hatukuwa tukiwangoja. Picha haikuzama kwa sababu sarafu ilishafanya kazi yake dakika chache nyuma. Sasa nyinyi mnaotengeneza picha hapa, ambao hamna sarafu, mnaleta gari la polisi linapiga king'ora, mhalifu anatiwa pingu, jina la mwongozaji linapanda. Mmeziona ngapi? Na hakuna bodi iliyowalazimisha!

Aristotle, Myunani wa miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, alishalilalamikia hili. Alitaka ufumbuzi utoke ndani ya hadithi yenyewe, usishushwe kwa mtambo kutoka juu. Na alitoa mfano mmoja mzuri mno. Kule Argos, anasema, sanamu ya mtu aitwaye Mitys ilimwangukia mtu akafa. Ajali. Lakini yule iliyemwangukia ndiye aliyesababisha kifo cha Mitys. Bahati ni bahati, lakini hii ina sura ya kusudi, na ndiyo maana inatusisimua. Kwa hiyo mafundi wana kipimo: bahati ya kumtia mtu matatani tumia upendavyo, mwanzoni. Bahati ya kumtoa, usiiguse. Amekosa boti kwa dakika mbili akabaki Unguja, hapo ndipo kisa kinaanza, sawa. Amekosa pesa ya hospitali, akaokota mkoba njiani? Nirudishieni Makunduchi yangu.

Nije kwenye jambo la pili, nalo ndilo ninalotaka tukae nalo zaidi.

Mtaani tunasema stelingi hafi. Tunasema kwa mzaha, lakini watu wengi wanaandika kwa kuiamini. Wanadhani mwisho unaoridhisha ni mwisho wa furaha. Haya, nitajieni picha iliyokaa nyoyoni mwa mama zetu kuliko Mother India, ya Mehboob Khan, mwaka 1957. Inaishaje? Radha amelea watoto kwa njaa, amelima kwa mabega yake mwenyewe, na mwisho anamfyatulia bunduki mwanawe Birju, mwana anayempenda kuliko roho yake, kwa sababu amemteka msichana wa kijiji. Anakufa mikononi mwa mama aliyemuua. Kuna furaha hapo? Na mbona hakuna aliyetoka ukumbini akisema kaibiwa?

Kwa sababu bei ilikuwa ya kweli, na aliyeilipa ndiye aliyestahiki kuilipa. Tangu mwanzo picha inauliza kitu kimoja kwa Radha, tena na tena, kila safari kwa bei kubwa zaidi: utatoa nini ili heshima ibaki? Shamba? Ng'ombe? Chakula cha watoto? Kila mara anatoa kitu na kubakisha heshima. Mwisho hakijabaki cha kutoa ila Birju. Mwandishi hakumbadilisha tabia hata kidogo. Kapandisha bei tu.

Na kuna ufundi mwingine hapo. Picha inafungua na Radha mzee, ameitwa kuzindua mfereji wa maji kijijini. Tunaona sherehe, shada la maua, kikongwe aliyenyamaza. Kisha inarudi nyuma miaka yote ile. Inapomalizika tuko tena mferejini, maji yanatoka, na yanakuwa mekundu. Mwisho tulionyeshwa dakika za mwanzo! Tulitazama tusione, kama yule mtoto na nanasi.

Sasa chukueni ya furaha, mlinganishe. Dilwale Dulhania Le Jayenge, ya Aditya Chopra, 1995, ile iliyoonyeshwa katika ukumbi wa Maratha Mandir kule Mumbai kwa zaidi ya wiki 1,000. Raj anampenda Simran, baba ameshamchumbia kwa mtu mwingine. Katikati ya picha mama mtu mwenyewe anawaambia tokeni, kimbieni. Wangekimbia, picha ingeisha na sote tungepiga makofi. Raj anakataa. Anataka mkono wa Simran kutoka kwa baba yake. Kwa kukataa kule amejifungia mlango mwepesi, na kuanzia hapo kila mtu ukumbini anajua kufuli iko wapi: iko kwenye mkono wa baba.

Basi mwisho ni mkono. Treni inaondoka, Raj yumo mlangoni amejaa damu, baba amemshika Simran. Simran anavuta, baba hasogei. Kisha vidole vinaachia. Anamruhusu aende, anakimbia, Raj ananyoosha mkono anampandisha. Na mkono ule wa treni tulishauona, walipokutana mwanzoni, Raj alimvuta vivi hivi kumpandisha treni. Hebu fikirini kama mwongozaji angempa yule baba hotuba ya dakika nne kuhusu mapenzi na mila. Vidole vinne na kidole gumba vimefanya kazi ile kwa sekunde chache.

Nawaambieni hivi kwa sababu nasoma miswada ya vijana, na kasoro inayojirudia ni hii: mwisho wanaupima kwa kuuliza "watafurahi?" Ulizeni kitu kingine. Mhusika alitaka nini toka dakika ya 10? Amekipata au amekikosa? Na amelipa nini? Majibu ni manne tu: amepata bure, amepata kwa gharama, amekosa bure, amekosa lakini ameondoka na kitu. La kwanza linachosha. La tatu linaudhi, ndilo lile la "basi wote wakafa". Mawili mengine ndiyo yenye chakula.

Amekosa lakini ameondoka na kitu. Mfano wake bora ni wa baiskeli, nao ungeweza kupigwa hapa Ng'ambo kesho asubuhi. Vittorio De Sica, Italia, 1948, Ladri di biciclette. Antonio amepata kazi ya kubandika matangazo ukutani Roma, lakini sharti awe na baiskeli. Ya kwake imewekwa rehani. Mkewe anavua mashuka ya kitanda, anayaweka rehani mahali pake, baiskeli inatoka. Siku ya kwanza ya kazi inaibiwa. Picha yote iliyobaki ni baba na mwanawe mdogo, Bruno, wakiitafuta. Hawaipati. Mwishoni Antonio, mbele ya msururu wa baiskeli za watu wengine, anashindwa kujizuia, anaiba moja. Anakamatwa. Bruno anaona kila kitu. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto, anamwachia baba. Wanatembea katika umati, baba analia, na Bruno anaushika mkono wake. Basi.

Baiskeli haikupatikana! Mbona tunatosheka? Kwa sababu chini ya swali la baiskeli palikuwa na swali jingine lililokua polepole: mtoto huyu atamwonaje baba yake? Hilo limejibiwa. Na jina la picha lenyewe, kwa Kitaliano, ni wingi, wezi wa baiskeli. Jibu lilikuwa mlangoni kabla hata taa hazijazimwa. Marekani waliitoa kwa jina la umoja, mwizi mmoja, wakakipasua kitendawili kwa neno moja. Watafsiri mliomo humu, kumbukeni hilo mnapobandika majina ya Kiswahili.

La tatu ni pa kukatia, na hapa nitakwenda mbio.

Kilele kikipita, mtazamaji anataka muda wa kushusha pumzi. Kwa picha ya dakika 90, dakika 2 hadi 5 zinatosha. Kwa filamu fupi ya dakika 10, sekunde 20 hadi 40. Ukikata palepale kilele kinapotoka, watu wanahisi wamesukumwa nje. Ukikaa zaidi, wanaanza kutafuta viatu. The Return of the King ya 2003 ilipata tuzo 11 za Oscar na bado watu wanaitania kwa kuagana mara nyingi. Walifika mwisho, wakafika tena, wakafika tena.

Mnauliza mwisho ulioachwa wazi je? Unafaa, lakini wazi si sawa na haujakamilika. Mwongozaji Truffaut, Ufaransa, 1959, katika Les Quatre Cents Coups, anamwacha kijana Antoine amefika baharini baada ya kutoroka kituo cha watoto watukutu. Anakimbia, anakimbia, anatia miguu majini, anageuka, picha inaganda usoni pake. Hatujui atalala wapi. Lakini picha nzima ilikuwa ya mtoto anayesukumwa kutoka mlango huu hadi ule, na sasa amefika mahali ambapo hakuna tena pa kukimbilia. Sisi wa visiwani tunaielewa sura ile bila kufafanuliwa. Lililoachwa wazi ni kesho yake; swali la picha limefungwa.

Kinyume chake ni ule mtindo wa kukata hadithi moja vipande viwili, Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, ili diski ziwe mbili na bei ziwe mbili. Sielezi biashara ya mtu. Nasema tu kwamba ukilazimika kukata, funga swali moja dogo kabla ya kufungua kubwa. Mwizi ajulikane, ndipo tugundue ametumwa. Ukikata katikati ya kofi, mkono ukiwa hewani, mtu amelipa mji na hakupewa hata nanasi.

Na kuna mwisho wa kuongezwa. The Shawshank Redemption, 1994: mwongozaji Frank Darabont alitaka kumwachia Red, mfungwa aliyetoka jela, ndani ya basi, akitumaini. Studio ikataka tuwaone marafiki wakikutana ufukweni. Kwa kawaida hapo mambo huharibika. Yeye akaupiga mkutano ule kwa mbali sana, kamera inarudi nyuma juu ya bahari, na hatusikii wanachosemezana. Amewapa walichotaka bila kutoboa kitu. Ukiamrishwa kuongeza mwisho mwema, kaa mbali na uzibe midomo ya watu.

Namalizia na mambo ya mikono, maana mwisho mwingi uliovurugika haukuvurugikia kwenye karatasi.

Kwanza ratiba. Msiweke sini ya mwisho siku ya mwisho. Siku hiyo pesa imekwisha, mwigizaji ana safari, jenereta imeazimwa mpaka saa kumi na mbili. Ipigeni theluthi ya pili ya ratiba, waigizaji wakishazoeana na nguvu zikiwapo.

Pili, mwanga. Kila mtu anataka kumalizia na jua likizama. Kwetu, karibu na ikweta, jua likishazama mna kama dakika 20 za mwanga unaofaa, na kila marudio yenye kupanga upya yanakula dakika 5. Hayo ni marudio manne, mambo yakienda sawa. Tena ndio wakati wa adhana ya magharibi, kutoka kila upande wa Mji Mkongwe, na watu wenu wanataka kwenda kusali. Kwa hiyo mazungumzo pigeni alasiri kivulini, shoti za karibu. Magharibi bakisheni shoti moja pana, isiyo na maneno.

Tatu, bahari. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ukipiga nusu ya sini Jumanne maji yamegusa minazi, ukarudi baada ya wiki saa ile ile, utakuta yamekupwa, na kule Paje na Jambiani utatembea mbali kuyatafuta. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Mwigizaji anaanza sentensi miguu imo majini, anaimaliza amesimama kwenye mwani. Waulizeni wavuvi, au tazameni jedwali la maji bandarini, kabla ya kuandika ratiba.

Mwisho, sauti. Mkimaliza sini, kabla hamjafungua chochote, wote wanyamaze, rekodini sekunde 60 za mahali palivyo: upepo kwenye makuti, ngalawa inayogonga, redio ya jirani. Kwenye uhariri, acheni sauti hiyo iendelee sekunde tatu au nne baada ya picha kuzima, ukumbi uko gizani na bado uko ufukweni. Muziki uje baada ya hapo.